Kunaswa, Kuvuliwa na Kuzongwa: Uhakiki wa Maneno ya Nyangumi na Wavu

Mwandishi wa makala haya anaishi Mpanda, mahali ambapo hapana bahari wala harufu yake. Kutoka hapa hadi Karema, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, ni safari ya zaidi ya kilomita 100. Na kutoka Karema hadi Bahari ya Hindi ni upana mzima wa nchi. Yamkini msomaji atashangaa kumwona mtu wa Katavi akihakiki istilahi za nyangumi. Sababu ni hii. Miezi michache iliyopita nililetewa karatasi mbili zilizopigwa chapa, zenye maelezo kwa wavuvi juu ya wanyama wanaodhurika na zana za uvuvi. Zilikuwa zimefasiriwa kutoka Kiingereza kwa ajili ya watu wa pwani, na sasa ilikusudiwa zitumike pia katika mialo ya Karema na Ikola. Nilitakiwa kuikagua lugha yake, na zaidi ya hayo kufanya kazi moja ambayo aliyezileta aliiona nyepesi: kila palipoandikwa 'nyangumi' nifute, niandike 'kiboko au mamba'.

Sitamtaja mfasiri wala waliomtuma. Makosa nitakayoyaonyesha si yake peke yake. Yamo magazetini, yamo katika mabango, na wengi wetu tunayo vinywani. Wala si makosa ya sarufi. Kiswahili cha karatasi zile kilikuwa safi, cha mtu aliyesoma. Kasoro ni kwamba neno moja, kunaswa, lilitwishwa mzigo wa maneno matatu, na kutokana na neno hilo ikazaliwa amri ambayo mvuvi akiifuata aweza kupoteza maisha.

Yafaa tuanze na tukio lenyewe kabla ya kuligusa neno. Nyangumi apitaye kwa wingi karibu na pwani yetu ni nyangumi wa nundu. Wakati wa kiangazi cha nusu ya kusini ya dunia huwa katika maji baridi ya upande wa Antaktiki akijilisha. Kisha husafiri kaskazini kuja kupandana na kuzaa katika maji ya joto, na hivyo huonekana Mtwara, Mafia, Unguja na hata Watamu huko Kenya, hasa kati ya Julai na Oktoba. Aliyekomaa hufikia urefu wa mita 14 na zaidi, na uzito wa tani 30 hivi. Mama mwenye ndama hupenda maji yaliyo karibu na nchi kavu, na huko huko ndiko mvuvi alikotega. Nyangumi huyu hatumii mwangwi wa sauti kutambua kilicho mbele yake kama afanyavyo pomboo. Kamba iliyosimama majini usiku yaweza kumfikia mdomoni, kwenye pezi la ubavuni au kwenye shina la mkia kabla hajaijua. Aigusapo hushtuka, akapiga mkia au akajiviringisha, na kwa kujiviringisha kamba humzunguka mara ya pili na ya tatu. Kwa kuwa ana nguvu, mara nyingi hakai pale. Huondoka na wavu, na maboya, pengine na nanga pia, akavikokota kwa siku au kwa miezi, kamba ikizidi kuzama katika ngozi na nyama. Ndama asiye na nguvu hizo hufa maji, maana nyangumi ni mnyama apumuaye hewa kama sisi.

Sasa na tulitazame neno kunaswa. Panya hunaswa mtegoni, ndege hunaswa kwa ulimbo, kanga hunaswa tanzini. Katika yote hayo kinasacho hukaa mahali pake, na aliyenaswa hukaa nacho. Aliyenaswa haendi. Kwa pomboo neno hili latosha kabisa. Uchunguzi wa Omar Amir, Per Berggren na Narriman Jiddawi, uliochapishwa mwaka 2002, ulieleza jinsi pomboo wafavyo katika nyavu za jarife za Zanzibar: mnyama huingia, hushikwa chini ya maji, hukosa pumzi, hufa. Huyo amenaswa, na mvuvi humkuta pale pale asubuhi. Nyangumi mzima wa nundu hakukutwa mahali popote. Kilichokutwa ni pengo katika safu ya nyavu. Kamba imemzonga, naye amekwenda nayo.

Tofauti hii ingekuwa ya kupendeza wanafunzi wa lugha tu, kama si tabia ya vitenzi vyetu ya kuzaa vitenguzi vyake. Funga huzaa fungua. Ziba huzaa zibua. Nasa huzaa nasua. Ukishasema mnyama 'amenaswa' umekwisha kumwambia msikilizaji la kufanya. Ndivyo ilivyokuwa katika karatasi zangu, mstari wa sita: 'Nyangumi akinaswa, mnasueni haraka.' Kunasua ni kazi ya mkono mmoja na dakika moja. Hivyo ndivyo umnasuavyo mbuzi uani. Mvuvi asomaye hivyo ataingia majini na kisu.

Wale ambao kazi hiyo wameifanya kwa miaka mingi hawaingii majini kamwe. Huko Newfoundland, Kanada, Jon Lien alianza mwishoni mwa miaka ya 1970 kuwasaidia wavuvi walioingiliwa na nyangumi katika mitego yao ya chewa. Na kikundi cha Provincetown, Marekani, kimekuwa kikiifanya tangu mwaka 1984. Hufungia maboya makubwa kwenye kamba anayoikokota nyangumi ili achoke na asipige mbizi, humfuata kwa mashua ndogo, kisha hukata kamba moja moja kwa visu vyenye mipini mirefu, kila mtu akiwa chomboni. Hata hivyo hatari haiishi. Julai 2017 Joe Howlett, mvuvi wa Kanada mwenye uzoefu mkubwa wa kazi hiyo, aliuawa katika Ghuba ya St. Lawrence mara tu baada ya kumkata nyangumi kamba. Jambo la pili ambalo mvuvi hana budi kuambiwa ni kwamba kukata kipande cha kamba kinachoelea pamoja na boya lake, kwa nia njema, ni kumdhuru mnyama: kamba iliyomkaza mwilini hubaki, na waliokuja kumsaidia hukosa mahali pa kumshika na alama ya kumfuata. Ushauri ulio sahihi ni kukaa mbali, kumwangalia, na kutoa habari. Ushauri huo hauwezi kukaa ndani ya neno kunasua.

Ndiyo maana napendekeza kuzonga, na nyangumi aliyezongwa. Uzi huzongwa kwenye kijiti, kamba huzongwa mkononi, mzunguko juu ya mzunguko. Kitenguzi chake kwa kanuni ile ile ni kuzongoa, nako huhitaji kuona mwanzo wa uzi uko wapi na umezunguka kuelekea upande gani. Hakuna azongoaye kwa pupa. Wenzangu wawili nilioshauriana nao walileta maneno mengine. Mmoja alisema kutatizwa, naye ana haki kwa asili ya neno, kwani tata la uzi ndilo lililozaa tatua na tatizo. Lakini tatizo limekwisha kwenda shule na kuajiriwa ofisini. 'Nyangumi aliyetatizwa na wavu' atasomwa kuwa nyangumi mwenye shida fulani kuhusu wavu, pengine ataandika barua. Wa pili alisema kukwama. Kukwama tuliachie lori letu la Karema wakati wa masika. Wapo watakaosema kuwa kuzongwa nako kumechukuliwa na mafumbo, kwa kuwa watu huzongwa na mawazo na madeni. Lakini fumbo hilo limehifadhi picha yake. Aliyezongwa na madeni hutembea nayo, kama nyangumi atembeavyo na kamba.

Neno la pili, kuvuliwa, lilikuwa upande wa nyuma wa karatasi, katika jedwali la kujazwa na msimamizi wa mwalo: 'Aina ya mnyama aliyevuliwa. Tarehe aliyovuliwa. Jina la aliyemvua.' Hapa nadhani mfasiri hakufikiri alikuwa akiandika hati ya mashtaka. Kuvua ni tendo la kukusudia. Mtu huvua alichokwenda kukitafuta. Mvuvi ambaye kasa au pomboo ameingia katika wavu wake usiku, ukimwuliza jina la aliyemvua, atajibu kuwa hakuna. Nao ni ukweli, na jedwali litabaki tupu, na wenye ofisi watahesabu kuwa hakuna mnyama aliyekufa. Wavu ule uliowaletea wavuvi wa Songo Mnara samaki wa kale aitwaye silikanti, Septemba 2003, na kisha wale wa Tanga kuanzia mwaka 2004, ulikuwa jarife lililotegwa kwa ajili ya papa. Wakati huo wataalamu walifurahi na hakuna aliyeogopa kusema 'nimemvua'. Lakini neno lililo salama siku ya furaha si lazima liwe salama siku ya kuulizwa.

Kiingereza kina neno moja fupi kwa kile kipatikanacho kando ya kile kikusudiwacho, na sisi tumelihangaikia kwa njia nyingi. 'Uvuvi wa bahati mbaya' haujulishi bahati hiyo ni mbaya kwa nani. 'Samaki wasiokusudiwa' huwafanya pomboo, kasa na nyangumi kuwa samaki, kosa ambalo walimu wetu wa sayansi wanahangaika kulifuta. 'Mavuno ya ziada' ni baya kuliko yote, kwa sababu ziada hupendwa. Kwa maandishi ya kitaalamu naona viumbe wasiokusudiwa inatosha. Kwa daftari la mwalo ningeandika tu: mnyama aliyeingia wavuni. Maneno haya humfanya mnyama kuwa mtendaji, hayamhukumu mvuvi, na ndivyo asemavyo yeye mwenyewe akisimulia.

Lakini safu hiyo moja haitoshi, na hapa ndipo kuzongwa kunapoonyesha faida ambayo sikuitazamia nilipoanza. Katika Bahari ya Uarabuni, mbele ya pwani ya Oman ambako wasemaji wa Kiswahili si wachache, wako nyangumi wa nundu wasiohama. Hukaa huko mwaka mzima. Watafiti walioziainisha picha za mikia yao walikadiria kuwa hawafiki 100, na wakaona kuwa kati ya asilimia 30 na 40 wana makovu kwenye shina la mkia ambayo yaelekea yalitokana na zana za uvuvi. Hao hakuna aliyewavua. Hawakukutwa wavuni. Kwa jedwali la 'aliyevuliwa' hawapo duniani. Kwa jedwali lenye safu ya waliozongwa wanahesabika, wazima, kila mmoja na kovu lake.

Nirudi Katavi, kwenye lile ombi la kumweka kiboko mahali pa nyangumi. Halikuwa ombi la kijinga kama lilivyonijia mara ya kwanza. Wanasayansi wamekwisha kuthibitisha kwa urithi wa chembe za mwili kuwa kati ya wanyama wote wa nchi kavu walio hai, jamaa wa karibu zaidi wa nyangumi ni kiboko. Kwa hiyo mamia ya viboko wanaosongamana katika madimbwi ya Mto Katuma wakati wa kiangazi, ndani ya Hifadhi ya Katavi, ni binamu wa yule apitaye Mafia. Lakini undugu wa damu si undugu wa mwenendo. Kiboko apitapo kwenye wavu huupasua, na mwenye wavu hulia. Mamba akishikwa hujiviringisha, kama nyangumi. Mnyama ninayemfikiria hasa ni mwingine ambaye karatasi hazikumtaja: fira wa majini wa Ziwa Tanganyika, nyoka mwenye sumu alaye samaki, akaaye kwenye miamba ya ufukoni. Huyu huwafuata samaki hadi katika nyavu, na akishindwa kutoka hufa maji, kwa kuwa naye hupumua hewa. Pengine wavu huvutwa kabla hajafa, akatokea mbele ya mikono ya mvuvi. Kwake yeye neno kunaswa ni sahihi kabisa, na amri ya 'mnasueni haraka' ni mbaya vile vile. Hivyo kufuta nyangumi na kuandika jina jingine hakukuponya mstari wa sita. Kulibadilisha tu namna ya kufa.

Majina ya nyavu nayo yalinipa kazi. Karatasi zilisema jarife, juya na diko kana kwamba nchi nzima ni Tanga na Unguja. Huku ziwani wavu wa kutega huitwa makila, ule wa kukokota hadi nchi kavu ni kokoro, na mahali pa kupandishia samaki ni mwalo. Kipe, ambacho ndicho wavu wa dagaa wa Ziwa Tanganyika, ushukao chini ya mwanga wa taa usiku na kuinuliwa ukiwa umejaa, hakikutajwa popote, ilhali bila kipe na dagaa wake mikoa ya Kigoma, Katavi na Rukwa isingekuwa na mboga. Sidai kwamba maneno ya ziwa yashinde ya pwani. Nadai istilahi iseme namna zana inavyofanya kazi: wavu wa kutega, wavu wa kukokota, wavu wa kuzungushia, wavu wa kuinua. Majina ya mahali yafuate kando yake, ya pwani na ya maziwa pamoja. Hatari ya mnyama inatokana na namna hiyo ya kazi. Wavu uliotegwa na kuachwa usiku kucha bila mtu si sawa na wavu ambao wenyewe wako juu yake wanautazama. Na mtu aliyeandika 'wavu' kwa vyote viwili amewatia hatiani watu wa kipe kwa makosa ya makila.

Nimebakiza maneno yaliyonichekesha, kisha yakanikosesha usingizi: 'nyavu za mzimu'. Mfasiri alikuwa akitafuta jina la nyavu zilizopotea au kutupwa, ambazo huendelea kuua bila mwenyewe, na akaifuata Kiingereza hatua kwa hatua. Kwa mtu wa mjini huenda ikapita. Lakini mkoa huu ulioundwa mwaka 2012 umepewa jina la Katavi, na Katavi latokana na Katabi, mwindaji ambaye mzimu wake husemwa unakaa katika mkwaju karibu na Ziwa Katavi, na watu huacha sadaka hapo. Mzimu kwetu una mahali, una heshima, na una watu wake. Wavu wa mzimu utakuwa wavu uliotolewa kwa mzimu, au wavu ambao mzimu ndio mwenyewe. Ukimwambia mzee wa huku aende majini akautoe wavu wa mzimu, atakuuliza umepata ruhusa kwa nani. Hakuna kampeni itakayofaulu ikianza kwa kuwataka watu wauibie mzimu. Nyavu hizo ziitwe kwa yaliyozipata: zilizopotea, zilizotelekezwa, zilizotupwa. Ni maneno matatu kwa sababu ni mambo matatu. Aliyepoteza wavu kwa dhoruba ana hasara na ataitika ukimwuliza. Aliyeutupa kwa kuogopa doria hataitika. Atakaye neno moja la kuzikusanya zote aseme nyavu zisizo na mwenyewe.

Kwamba uchaguzi wa neno huweza kusaidia, tuliliona hivi karibuni. Mwaka 2024 uvuvi katika upande wetu wa Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka. Watu wengi walisema 'ziwa limefungwa', na kufungwa ni kwa duka na kwa mhalifu. Wengine, na wenye mamlaka miongoni mwao, walisema kupumzisha. Hasara ya miezi mitatu ilibaki hasara, na sitaki kuipaka asali. Lakini mkulima wa Mpanda alielewa mara moja, kwa kuwa naye hupumzisha shamba.

Madogo nayapita upesi. 'Kuhama' kwa nyangumi si kubaya, ingawa kwetu ahamaye huvunja nyumba na harudi. Safari ya msimu ni bora. 'Nyangumi kibyongo' liondolewe: kibyongo ni neno la kumdharau mtu, na nundu ni ya ng'ombe, haimwumizi yeyote.

Karatasi nilizirudisha zikiwa na wino mwekundu mwingi kuliko mweusi. Mstari wa sita sasa wasomeka: 'Nyangumi aliyezongwa na kamba asifuatwe majini wala asikatiwe kamba, kaeni mbali, mtazameni aendako, toeni habari.' Kwa toleo la ziwani niliacha nafasi wazi kwa jina la fira wa majini, kwa sababu nataka walijaze wenyewe wavuvi wa Karema na Ikola badala ya kulipokea kutoka kwangu. Nafasi ya pili iko upande wa pwani, nayo siwezi kuijaza nikiwa Mpanda. Mvuvi wa Kilwa, wa Msimbati au wa Kizimkazi, akienda asubuhi akakuta jarife lake limechukuliwa lote na nyangumi, husemaje? Kama kuna kitenzi anachokitumia, na hakika kipo, nawaomba wasomaji walio karibu naye wamwulize, wakilete hapa, hata kama kitakiondoa kuzongwa changu.